Gunia Moja la Kwenda Baharini

 Msikilizaji wangu, leo nina jambo la familia. Nataka tuzungumze kuhusu kuwapeleka watoto wetu pwani, kwenye mchanga na maji ya chumvi, wakatembee tu.

Sisi wa Mang'ola, hapa kando ya Ziwa Eyasi, tunaujua utalii kwa macho. Kila kiangazi magari yanashuka ile barabara ya vumbi kutoka Karatu, na ndani yake mna familia nzima nzima. Utamwona mtoto wa miaka saba, ametoka Ulaya au Marekani, anaamshwa alfajiri ili awafuate Wahadzabe porini. Anafundishwa kuvuta upinde, anaona moto ukipekechwa kwa kijiti. Baadaye anapelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga, anatazama misumari ikigeuka vichwa vya mishale. Jioni anasimama na baba yake na mama yake kwenye ufuko wa Ziwa Eyasi, wanatazama heroe. Watu wale wamevuka bahari ili mtoto wao aone kitu ambacho kwao hakipo, na wanaona fedha yao imetumika vizuri.

Sasa mtazame mtoto wako wa darasa la tano. Amesafiri kwenda wapi, na kwa sababu gani? Wengi wetu tutajibu: alikwenda Mbulu kwenye msiba, alikwenda Haydom kumwona bibi aliyelazwa, alikwenda Babati kwenye harusi. Safari hizo ni wajibu na ni nzuri. Lakini mtoto hajawahi kupanda gari pamoja na wazazi wake wote wawili kwa sababu moja tu, kwamba wanafurahi kuwa pamoja na wanataka kumwonyesha nchi yake. Mimi naamini mtoto wa mkulima wa vitunguu anastahili safari hiyo hata kama ni mara moja tu kabla hajamaliza shule ya msingi. Naamini pia kwamba kwa kaya nyingi za bonde hili, inawezekana.

Najua hesabu ya kitunguu. Najua mbegu, mbolea, vibarua wa kupandikiza, vibarua wa kung'oa, dawa, na mnunuzi anayekuja na gunia la lumbesa akitaka lijazwe mpaka lipasuke. Kuna msimu bei inapanda mkulima akajenga, na kuna msimu vitunguu vinaozea shambani. Kwa hiyo sisemi ukakope. Ninachopendekeza ni kwamba, katika msimu uliokwenda vizuri, familia itenge gunia moja na ilipe jina mapema: hili ni la safari. Watoto wajue. Wao wenyewe ndio wanaosaidia kukata majani na kuchambua. Waache wachague lile gunia kwa mikono yao.

Kabla ya bahari, tuanze na maji tuliyonayo. Eyasi ni ziwa la magadi, lina urefu wa kilomita zipatazo 80, nalo liko kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lina ufuko mpana kuliko fukwe nyingi za pwani. Linapanuka mvua zikinyesha, kiangazi linarudi nyuma na kuacha uwanda mweupe unaong'aa mpaka macho yanauma. Maji yetu ya chemchemi ya Qangded, yanayotoka kwenye milima ya misitu ya Ngorongoro na kupita katika mifereji yetu, yale yanayobaki yanaelekea ziwani. Mto Baray nao unaelekea ziwani. Mto Sibiti, upande wa pili, vilevile. Na ziwa halina mlango wa kutokea. Tone la maji la Mang'ola halifiki Bahari ya Hindi kamwe. Linapandishwa na jua, linaacha chumvi yake chini.

Mwambie mtoto jambo hilo ukiwa umesimama naye pale pale ziwani. Jumamosi moja, baada ya kazi za asubuhi, nendeni wote. Tafuteni nyayo kwenye tope lililokauka: wa heroe una utando kati ya vidole, wa fisi una alama za kucha, wa punda hamtaukosea. Tazameni mikoche na namna inavyosimama pale ambapo maji ya chini yana afadhali kidogo. Chukueni maji ya ziwa kwenye chupa ndogo, mfunike vizuri, muiweke. Chupa hiyo itasafiri na ninyi. Na mkiwa na nguvu, pitieni kwenye mwamba wa Mumba, ambako wachimbaji akina Kohl-Larsen kutoka Ujerumani walichimba miaka ya 1930 na ambako yamepatikana mabaki ya maisha ya watu wa kale sana, zikiwemo shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Waliokaa hapa zamani nao walijipamba. Mtoto akijua kwamba kwao ni mahali pa kale namna hiyo, hataenda pwani akijiona anatoka mahali pasipo na kitu.

Safari yenyewe napendekeza iwe ya Tanga na Pangani. Dar es Salaam ina raha zake, na visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni vizuri kwa siku moja. Zanzibar nayo inatajwa na kila mtu. Lakini kwa familia inayotoka Karatu kwa basi, Tanga ndiyo bahari iliyo karibu kwa barabara ya lami. Mnafika Arusha, mnalala kwa ndugu. Kesho yake mnashuka kilomita kama 435: Moshi, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Ni mchana kutwa. Msiwaache watoto walale njia nzima. Kilimanjaro inakaa kushoto kwao asubuhi, kisha milima ya Upare, kisha Usambara, na baadaye mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Mkonge ulianzia huko huko: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Amerika, ikaishi 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Miche 62 ikajaza nchi. Mtoto anayejua kupanda vitunguu ataelewa haraka kuliko mtalii yeyote.

Tena kuna mto wa kufuata. Maji ya mlima Meru yanashuka kwa Mto Kikuletwa, yale ya Kilimanjaro kwa Mto Ruvu. Yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yanaitwa Pangani. Yanapita chini ya milima ile ile mnayoipita kwa basi, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, na kuingia baharini kwenye mji wenye jina lake. Kwa hiyo mvua ikinyesha Arusha, maji yake yanakwenda baharini. Ikinyesha Oldeani, upande wetu, yanakuja Eyasi na kukaa. Mtoto wa darasa la tano akisimama Pangani akauona mto ule mpana, wa rangi ya udongo, unavyokutana na maji ya chumvi, atakuwa ameisoma jiografia ya kaskazini yote kwa miguu yake.

Sasa tufike ufukoni, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu familia nyingi za bara huharibu siku zao za bahari kwa kutojua jambo moja. Bahari ina saa zake. Maji yanajaa kwa muda wa saa sita hivi, yanakupwa kwa saa sita hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga kabisa, yanakuja maji ya bamvua: hapo bahari inajaa sana na kukauka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji kwa nguvu.

Familia isiyojua hayo inaamka saa 4 asubuhi siku ya bamvua, imebeba taulo na mipira, inakuta bahari haipo. Imeondoka. Wanaona tope, nyasi za bahari, mawe, na maji yako kule mbali. Wanarudi chumbani kukasirika. Kumbe wamefika kwenye saa bora kuliko zote kwa mtoto! Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kujaa kabisa yapata saa 10 alasiri. Ratiba hiyo ingepangwa na mzazi mwenyewe, isingekuwa nzuri zaidi. Asubuhi mnatembea juu ya sakafu ya bahari, mchana mnalala kivulini, alasiri jua likipoa mnaingia kuoga maji yamewafikia mlangoni. Ndiyo maana nasema: ukichagua wiki ya kwenda, tazama mwezi kabla ya kutazama nauli.

Na kutembea kwenye sakafu ya bahari ni nini? Ni kuinama. Mtu mzima anatazama mbali. Mtoto anatazama chini, na huko chini ndiko kuliko na mambo. Katika vidimbwi vilivyobaki baina ya mawe kuna visamaki vya rangi. Kuna kiti cha pweza, mwekundu au wa kahawia, ana mikono mitano na anatembea polepole sana mpaka umsubiri ndipo uamini. Kuna jongoo bahari amelala mchangani. Kuna kaa mdogo aliyehamia kwenye kombe la konokono aliyekufa, na akikua anatafuta kombe kubwa zaidi. Waulize kwa adabu akina mama wa pale wanaokwenda na ndoo zao kutafuta pweza na chaza. Waamkie: shikamoo mama. Watoto wako wakitoa shikamoo vizuri, nakuhakikishia wataonyeshwa tundu la pweza, na mawe madogo na makombe anayoyalundika mlangoni pake.

Kanuni hapa ni mbili, na mzazi azisimamie. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, kwa sababu viumbe vilivyo chini yake jua litaviua. Na chochote kilicho hai kibaki hapo hapo. Kwenye maeneo ya hifadhi za bahari huruhusiwi kuondoka na kitu, na hata nje ya hifadhi, kombe lenye mnyama ndani litanuka kwenye basi kabla hamjafika Korogwe. Makombe matupu machache, madogo, ya mtoto kumwonyesha mwalimu wake, sioni ubaya pale yanaporuhusiwa.

Viatu ni vya lazima kwenye mawe. Kandambili hazifai, zinavuliwa na tope. Tafuta zile za plastiki zinazofunga kisigino au raba kuukuu. Wako viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao unavunjikia ndani ya unyayo. Yuko pia taa, samaki bapa anayelala mchangani, ana mwiba mkiani. Ukitembea kwa kuburuza miguu, atakusikia na kuondoka. Mtu akichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, wakati mnatafuta zahanati.

Watoto wakichoka kutazama, wana mchanga. Mimi sioni haja ya kununua vidude vya plastiki dukani. Mtoto wa Mang'ola ana kipaji ambacho mtoto wa mjini hana: anajua kuongoza maji. Mpe fimbo na sehemu ambayo maji ya kupwa bado yanachuruzika, atakuchorea mfereji, majaruba, banio la kufungulia maji, na zamu ya kila mtu. Nimeona watoto wa wakulima wakilifanya hili ufukoni, na watoto wa wenyeji wakaja kuuliza ni mchezo gani, dakika chache baadaye wote wanachimba. Wenyeji nao walikuwa na mchezo wao: walitengeneza vidau vya kuchezea kwa mti mwepesi, tanga la mfuko wa nailoni, na kuvishindanisha kwenye maji ya magoti. Pepo za pwani zinawafaa pia kwa tiara. Njiti mbili za makuti, karatasi, uzi na mkia wa kitambaa, tiara imepaa. Baba anayejua kutengeneza tiara atapendwa likizo nzima.

Mpira wa miguu kwenye mchanga mbichi, huo hauhitaji maelezo. Bibi achore bao mchangani, atafute kete za makombe, acheze na wajukuu. Hata siku ya mvua ndogo haiharibu kitu.

Sasa kuogelea. Msikilizaji, hapa sitaki kuremba. Watoto wetu wanacheza kwenye mifereji na kwenye dimbwi la chemchemi, na wengi hawajui kuogelea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na sehemu kubwa ni watoto. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, kwa muda mfupi, mita chache kutoka kwa watu wanaopiga picha. Kwa hiyo kila maji yanapoingiwa, awepo mtu mzima mmoja aliyeteuliwa kwa jina: sasa ni zamu ya mama, baada ya hapo ni zamu ya baba. Sisi tunaelewa zamu ya maji. Mwenye zamu hashiki simu, hachomi samaki, hazungumzi na mgeni. Anatazama watoto tu. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wake. Anayesimama, maji yasipite kiuno chake. Mpira wa ndani wa gari usitumiwe kama boya, kwa kuwa upepo na mkondo huuchukua pamoja na mtoto, na anaouona mzazi ni mgongo unaokwenda mbali. Na pale Mto Pangani unapoingia baharini, msioge. Mkondo wa maji ya kupwa una nguvu, na maji ni ya tope, hamwoni chini. Tazameni mto, pigeni picha, kaogeeni ufukoni.

Raskazone pale Tanga, wenyeji huja jioni kuogelea, na kwa familia ya mara ya kwanza ni vizuri kuwa mahali penye watu. Muulize mtu mzima wa pale wapi pana kina na wapi pana mawe. Usione aibu kuuliza. Mtu wa pwani akija kwetu naye atauliza tope la Eyasi linabeba wapi na wapi linazamisha.

Na binti zetu waingie majini. Ninasema hivi kwa sababu nimeona familia ambamo kaka wanaoga, dada wamekaa na mabegi. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, kwenye jamii inayoshika sana heshima, na wameelea na kuogelea vizuri. Kwa hiyo suruali nyepesi na fulana ya mikono mirefu inatosha, tena inakinga jua. Khanga na kitenge viachwe ufukoni, maana vikilowa huwa vizito na kufunga miguu. Mama naye aingie. Mtoto akimwona mama yake akicheka ndani ya maji, jambo hilo hulikumbuka mpaka uzee.

Mkiwa na siku ya ziada, vukeni Pangani kwenda Bweni, mteremke kusini mpaka Ushongo, kiasi cha kilomita 15. Ufuko wa huko ni mrefu, una minazi, mawimbi yake si makali. Mbele yake baharini kuna Maziwe, eneo lililohifadhiwa tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukabaki peke yake, na sasa bamvua ikijaa kisiwa chote kinafunikwa. Kasa bado wanakuja kutaga pale, kwa sababu kasa hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa. Mayai yangeachwa yangeoza majini, ndiyo maana wahifadhi huyachukua na kuyafukia upya kwenye ufuko wa Ushongo. Baada ya miezi miwili hivi, vifaranga hutoka mchangani na kukimbilia baharini. Mkibahatika kuwepo siku hiyo, msikose. Kaeni nyuma ya mstari mtakaoonyeshwa, zimeni tochi na taa za simu, msiwashike. Mtoto ataona kiumbe kisichojaa kiganja kikiijua njia yake bila mzazi.

Kwenda Maziwe kwenyewe kunahitaji chombo. Hapo masharti yangu ni magumu: mtoto hapandi ngalawa wala mashua bila jaketi okozi linalomkaa vizuri, na nahodha akisema leo upepo mbaya, mshukuruni mkacheze mpira. Likizo ya Juni huangukia kusi, upepo una nguvu, bahari ya nje huchafuka. Desemba ni kaskazi, joto kali lakini maji hutulia zaidi. Wenye watoto wadogo, Desemba inawafaa.

Kati ya Tanga na Pangani mtapita pia Kigombe, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka duniani miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao wakaanza kumpata kwenye nyavu zao. Hamtamwona, anaishi kwenye kina cha giza. Lakini mtoto akijua kwamba yumo mle, ataitazama bahari kwa muda mrefu zaidi.

Mapango ya Amboni, karibu na Tanga mjini, ni ya asubuhi moja. Nendeni, ni baridi ndani, popo wapo.

Kuhusu mahali pa kulala na chakula sina mengi. Nyumba za wageni za kawaida zipo Tanga na Pangani, na msitishwe na hoteli zenye ukuta kufikiri kwamba ufuko ni wao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Tembeeni kwa heshima, bila kuchafua, na mtembee bila hofu. Chakula kinunuliwe kwa wavuvi. Alfajiri wapelekeni watoto kwenye soko la samaki la Deep Sea, pale Tanga, wasikie mnada, waone changu, tasi, kolekole na pweza kabla hawajawa mboga. Na chukueni vitunguu vya kwetu kwenye begi, kilo chache. Mpeni mama atakayewapikia. Kitunguu cha Mang'ola kinajulikana mpaka Nairobi. Mwanao akimwambia mwenyeji kwamba kimetoka kwenye shamba lao, hapo mgeni ameshapata jina.

Na ile chupa ya maji ya Eyasi, hii ndiyo kazi yake. Mimina maji yake kidogo kwenye sahani moja, maji ya bahari kwenye sahani nyingine, weka juani. Jioni maji yamekwisha. Kwenye sahani ya bahari kuna punje za chumvi. Kwenye sahani ya ziwa kuna unga wa chumvi na magadi. Waache watoto waguse, waonje kidogo kile cha bahari, waandike walichoona. Mwalimu wa sayansi atakushukuru shule zikifunguliwa.

Najua swali lililobaki, kwa sababu nikizungumza habari hizi huulizwa lile lile: shamba nani analitazama, na zamu ya maji itakuwaje? Jibu lake liko kwa jirani. Kaya mbili zinazopakana zipange miaka kwa kupishana. Mwaka huu wewe unakwenda, yeye anapokea zamu yako, anamwagilia, anakamua ng'ombe wako. Mwaka ujao anakwenda yeye. Makubaliano hayo yafanywe sasa, mbele ya watoto wa pande zote mbili, wakati vitunguu bado viko ardhini. Kisha tafuteni kalenda yenye alama za mwezi, mtazame Desemba, mzizungushie mduara zile siku tatu za kabla ya mwezi mpevu na tatu za baada yake. Mkaulizie mapema basi la Tanga, kwa sababu mwisho wa mwaka viti hujaa, na familia ya watu sita haifai kugawanywa kwenye mabasi mawili.